Studio ya habari ya tv ya mkoani inajengwa upya, bosi kang'ang'ania LED wall, naombeni ushauri

kijana_wa_mitambo

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni fundi mitambo kwenye kituo kidogo cha tv hapa Mwanza, tunarusha kwenye kebo na mtandaoni, habari za jiji na wilaya za jirani, kila jioni. Seti yetu imechoka mpaka aibu, meza ya kioo inayorudisha taa zote kwenye kamera, nyuma bango la pvc limeanza kujikunja kona.

Sasa bosi kapata hela kidogo kasema pabomolewe pajengwe upya, na yeye anachotaka ni kimoja tu, LED wall, ile skrini kubwa ya kuunganisha vipande vipande, ukuta mzima kama anavyoona kwenye vituo vikubwa vya Dar. Kashapiga simu Kariakoo kapewa bei ya P2.5, yaani vidoti vyake vimeachana milimita 2.5, na nikipiga hesabu ikinunuliwa hiyo inabaki kama robo ya bajeti ya kufanyia taa, meza, sauti, umeme, rangi, kila kitu.

Chumba kina mita 6 kwenda nyuma na upana 4.5, sakafu hadi dari 2.8, dari ya jipsamu na juu yake mabati. Kamera mbili za zile ndogo za kushika mkononi zenye senza ndogo (kile kinachonasa picha ndani ya kamera), prompta moja ya kusomea maandishi mbele ya kamera, taa ni tyubu za LED za kawaida za dukani, AC moja ya ukutani. Mvua ikinyesha tunasubiri ipungue ndio tunarekodi, siwatanii.

Naombeni mnisaidie, huo ukuta wa LED utakaa kweli humo ndani? Na kama hautakaa nimwambieje bosi bila kuonekana napinga maendeleo, maana ndio neno lake.

TaaNaKivuli

Mkuu shika tepu mezani tupime pamoja. Una mita 6. LED wall za kufungulia nyuma zinataka upenyo wa fundi kama sentimita 60 mpaka 70 nyuma yake. Mtangazaji akae angalau mita 2 mbele ya skrini, bado kamera iwe mita 2.5 kutoka kwa mtangazaji, halafu nyuma ya kamera mtu wa kamera apumue, sentimita 80. Jumla 6 kamili. Mlango haujafunguliwa bado.

Kwanini mita 2? Kwa sababu ya ile mistari inayocheza. Skrini ina vidoti vyake na senza ya kamera ina vidoti vyake, vikikutana vyote vikiwa vinaonekana kwa ukali, picha inaanza kutoa mawimbi na rangi za ajabu. Dawa ni skrini iwe nje ya fokasi. Wenye kamera za senza kubwa wanafungua airisi (tundu la kuingiza mwanga kwenye lenzi) nyuma inakuwa laini wenyewe wanatulia, wewe na hizo zenye senza ndogo kila kitu kinakuwa kwenye fokasi kuanzia pua ya mtangazaji mpaka ukutani, kwa hiyo P2.5 kwenye chumba chako ni kujitafutia ugomvi.

Halafu hili ndio la kumpelekea bosi. Shoti ya mtangazaji mmoja, kiuno kwenda juu, inachukua upana wa kama mita 1.2 pale alipokaa. Kamera iko mita 2.5, skrini iko mita 2 nyuma yake, piga hesabu utaona eneo linaloonekana nyuma ni kama mita 2.2 tu kwa upana. Yaani ukuta wa mita 4.5 watazamaji hawauoni, unaonekana na wageni wanaokuja kutembelea studio. Kabineti, yaani vile vipande vya kuunganisha, za P2.5 zinazouzwa sana ni za milimita 640 kwa 480. Ukipanga 4 kwa upana na 3 kwenda juu unapata mita 2.56 kwa 1.44, ambayo ni 16:9 kamili, umbo lile lile la picha ya tv, kabineti 12. Ukuta mzima ungekula 7 kwa 5, yaani 35. Mwonyeshe hizo namba mbili tu, 12 na 35, usiongeze neno.

Na kama mnanunua hata hizo 12 chukueni za kufungulia mbele, za sumaku, mnaokoa ule upenyo wa nyuma. Na ulizieni refreshi, yaani skrini inajichora upya mara ngapi kwa sekunde, msikubali 1920, tafuteni 3840, la sivyo kamera itaona mistari myeusi inapanda na kushuka.

nakuru_cam

Bro sikiza, mimi niko Kenya, stesheni ndogo tu kama yenu, na tuliona haya yote. LED wall ikikuja kutoka kwa box huwa imewekwa mwangaza ya kuua, kamera iko kwa auto inaona huo mwangaza inafunga airisi, presenta anakuwa kivuli. Na sisi watu wa ngozi nyeusi ndio tunaumia hapo, sura yote inapotea inabaki meno. So kwanza toa kamera kwa auto, weka airisi kwa mkono ukiangalia uso, si ukuta, halafu ndio ushushe skrini ifuate uso. Lakini usishushe mpaka chini kabisa, hizi skrini za bei nafuu ukishusha sana rangi zinakatika ngazi ngazi, anga ya bluu inakuwa vipande.

Ingine, rangi. Skrini nyingi zinatoka zikiwa za bluu sana, zaidi ya 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikipanda ndio bluu inazidi), na taa zako ukiweka 5600K presenta anakaa kama amekatwa akabandikwa. Ingia kwa programu ya skrini uivute ikaribie taa.

Na hizo tyubu toa zote. Hizo ni za kuangazia duka. Nunua paneli za LED za video zenye CRI 95 kwenda juu (kipimo cha taa kuonyesha rangi za kweli, mwisho 100), mbili kubwa zenye kitambaa laini mbele, moja ndogo ya nyuma ya kichwa ndio presenta atoke kwa ukuta. Hiyo tu kwa mtu mmoja inatosha. Zamani tungetumia zile za 800W tatu chumba kinakuwa jiko, sahizi paneli ya 100W inafanya kazi, na unaweza hata zima AC wakati wa bulletin ndio isilie kwa maiki.

Swali, kamera zenu zimesetiwa fremu 25 ama 30 kwa sekunde? Uliza hiyo kwanza kabla hujatumia pesa.

kijana_wa_mitambo

@nakuru_cam ziko 30, zililetwa na mtu kutoka Marekani, shata (muda wa kunasa kila fremu) 1/60 ya sekunde. Ndio maana picha inapepesa?

nakuru_cam

Ndio hiyo sasa. Umeme wetu ni 50Hz, Kenya, Tanzania, kote huku. Taa za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, shata ya 1/60 haiendi sambamba nayo so unaona picha inapumua. Weka 25 ama 50 kwa menyu, shata 1/50. Kamera zingine za Marekani hazina hiyo 25 kabisa, kama ni hivyo acha 30 lakini weka shata 1/50 ama 1/100, itasaidia sana. Ni bure. Fanya leo jioni.

Seremala_Keko

Mimi nawasoma tu mnavyoongea skrini. Seti ni mbao ndugu zangu. Nimeshafanya za kanisani na za tv mbili tatu, nitasema ninachokijua.

Meza ya kioo itoe. Fanya MDF uipake rangi isiyong'aa au bandika laminati isiyong'aa, kimo sentimita 75 kama meza ya kawaida, mbele iwe imefungwa hadi chini watu wasione miguu na nyaya. Isiwe ndefu, studio nyingi za mikoani meza inakuwa kama ya kikao cha harusi halafu anakaa mtu mmoja katikati. Kama mna watangazaji wawili siku nyingine fanya vipande viwili vinavyoungana. Kiti kisiwe cha kuzunguka, nimeona mtangazaji anasoma habari ya msiba huku anayumba kushoto kulia.

Jukwaa la kunyanyua meza usijenge, dari yako ni 2.8, kila sentimita unayopandisha mtangazaji unaikaribisha kwenye taa. Mtu akikaa macho yako kama mita 1.2, shusha tripodi kamera iwe hapo hapo basi. Na jukwaa la plaiwudi likiwa tupu ndani kila hatua inalia kama ngoma, ukilazimika kulijenga jaza pamba ndani.

Kuta za pembeni, kule ambako skrini haifiki, tengeneza paneli za fremu ya mbao, nyuma pamba ya madini ile ya inchi 2, mbele kitambaa kizito. Inapendeza na inakula mwangwi kwa pamoja. Trei za mayai msinunue, hazizuii kitu, zinashika vumbi tu na zikishika moto ni balaa.

Ila jamani, nyuma msiweke jiwe la Bismarck. Kila kitu cha Mwanza kina jiwe la Bismarck, kuanzia kalenda mpaka maji ya chupa.

Mama_Bulletin

@Seremala_Keko umenichekesha ila ni kweli. Nimesoma habari miaka mingi kabla ya kustaafu, niwaambie upande wa anayekaa pale mbele maana hamjamuuliza.

Prompta iwe mbali kidogo, ikiwa karibu sana mtazamaji anaona macho yanavyokimbia kushoto kulia. Mita 2 na nusu hiyo aliyosema mwenzenu ni nzuri lakini maandishi yawe makubwa. Taa isipigwe usoni moja kwa moja toka usawa wa macho, mtu anafumba fumba anaonekana mwongo. Nguo nazo mzipime na kamera kabla, vitenge vya vidoti vidogo vidogo na mashati ya mistari myembamba yanacheza kwenye picha, hilo halina uhusiano na ukuta wenu wa gharama. Na wekeni kioo na poda nje ya mlango, hata wanaume, jasho la Mwanza linang'aa.

Mwanangu kuhusu bosi, usimwambie haifai. Rekodi dakika 2 za mtangazaji mbele ya tv kubwa, aone mwenyewe. Mabosi wanaamini picha.

TaaNaKivuli

@Mama_Bulletin hapo umemaliza mama. Naongezea hilo la tv, inchi 75 ya 4K ina upana wa kama mita 1.66 na pikseli zake hazifiki nusu milimita, kwa hiyo mistari haichezi kirahisi hata senza ikiwa ndogo. Haijazi shoti yote, lakini ikikaa pembeni ya bega na upande wa pili ukiwa na paneli za seremala, hiyo ni seti ya habari kabisa, na hela inabaki ya kutibu dari.

Maana dari ndio ugonjwa wako mkubwa. Usiibomoe hata mtu akikuambia utapata urefu, utapata mabati uchi na joto. Iache, juu yake mwaga pamba ya madini unene wa sentimita 10, chini yake ongeza jipsamu ya pili na maungio yake yasikutane na maungio ya kwanza, ziba kila tundu la nyaya kwa silikoni. Dari itashuka sentimita 2, vumilia. Mvua ya masika utaisikia bado ila kwa mbali, ukiwa na maiki ya kubana kifuani karibu na mdomo haitasumbua kipindi. Sponji ya godoro ukutani haizuii mvua, inapunguza mwangwi wa ndani tu, watu wanachanganya sana hapo.

kijana_wa_mitambo

Aisee mmenipa darasa. Nimeshabadili shata, kupepesa kumeisha, mhariri kaniuliza nimenunua kamera lini.

Kesho naazima tv ya inchi 75 ya jamaa mwenye hoteli nirekodi kama alivyosema mama. Swali la mwisho, tukianza kubomoa habari haziwezi kusimama, tutasomea wapi siku hizo?

Seremala_Keko

Somea chumba cha habari, meza za wahariri nyuma, kompyuta zimewaka, watu wanafanya kazi kweli. Waambie wasipige kelele tu. Na mimi nikiwa kazini naanza na dari na kupaka rangi kwanza ndio naleta mbao, rangi ikae siku kadhaa inuke iishe, usimuingize mtangazaji na harufu ya thina atakohoa hewani.

Mama_Bulletin

Na mtakuta watazamaji wanapenda pale chumba cha habari kuliko studio. Bosi asijue hilo kabla hajanunua pamba ya dari.