Re: Uraia na nafasi ya kuingia MBA Marekani

Shikamooni wakubwa. Kuna wadogo zetu wanaomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara) Marekani awamu ya Septemba. Pasipoti ya Kenya au Tanzania inawasaidia au inawaharibia? Na mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) ajaze kama Mmarekani? Wenye kujua naomba mfafanue.

---

Marahaba. Hakuna shule inayotangaza mgawo wa nchi. Ila faili lako linasomwa kando ya mafaili yanayofanana nalo. Mhandisi wa programu kutoka India anapimwa dhidi ya wahandisi wenzake wengi mno, ndiyo maana alama yake inabidi ipande zaidi. Sisi ni wachache, lakini wasidanganyike: wanasomwa pamoja na Waafrika waliotoka benki na kampuni za ushauri za Lagos, Johannesburg na Nairobi. GMAT, mtihani wa kuombea MBA, sasa inaishia alama 805, na hesabu dhaifu haiokolewi na pasipoti.

Wengi wetu tunaumia kwenye matokeo ya chuo. Asilimia 68 Kenya ni daraja la pili la juu. Mmarekani asiyejua anaona D. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), GPA, yaani wastani wa alama, ni juu ya 5, siyo 4. Mtu akiandika 3.8 bila kutaja kipimo, anaonekana bora kuliko alivyo, na uhakiki unaofanywa baada ya kukubaliwa utamrudia. Aandike alama kama ilivyo na kipimo chake, asijibadilishie mwenyewe. Na transkripti apige skani pande zote mbili! Maelezo ya madaraja mara nyingi yamechapwa nyuma, na ukurasa huo ndio unaosahaulika.

---

> mwenye green card ajaze kama Mmarekani?

Hapana, ndugu yangu. Uraia anaandika ule wa pasipoti. Ukaazi una sehemu yake kwenye fomu. Faida ya green card ni fedha na kazi: hahitaji I-20 (fomu ya shule ya kuombea viza ya mwanafunzi), mwajiri hamgharamii viza, na anaweza kuomba kupitia The Consortium, umoja wa shule za biashara za Marekani unaotoa ufadhili, unaopokea raia na wakaazi wa kudumu.

Ufadhili wa Stanford kwa Waafrika ni kinyume chake. Unadai uraia wa nchi ya Afrika, na mpokeaji anatakiwa arudi barani ndani ya miaka miwili baada ya kuhitimu, afanye kazi huko angalau miaka miwili. Mkenya mwenye pasipoti mbili hana shida, Katiba ya 2010 inamruhusu. Mtanzania mtu mzima aliyeapa kuwa Mmarekani ameshapoteza uraia wa nyumbani, na ufadhili huo umempita. Hesabu hiyo ipigwe kabla ya kiapo, tafadhali sana.

---

Nyongeza kwa ndugu wa Burundi na Kongo. Aliyesoma chuo kwa Kifaransa ajiandae na mtihani wa Kiingereza. Harvard haishauri kuomba na IELTS chini ya 7.5. Raia wa Burundi wamewekewa zuio la viza za wanafunzi za Marekani tangu 9 Juni 2025, kwa hiyo waweke na shule za Ulaya kwenye orodha, mfano INSEAD pale Fontainebleau, ambako MBA ni miezi 10.

Yeyote anayehitaji viza aachane na awamu ya Aprili. I-20 haitoki bila ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza, kisha kuna ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, kisha foleni ya usaili ubalozini. Fedha zilizoingia akaunti kwa mkupuo wiki moja kabla ya usaili zitaulizwa zimetoka wapi, kwa hiyo aende na mkataba wa mkopo au barua ya mfadhili mkononi.