Bakteria wa majaruba ya chumvi Lindi, 16S (jeni ya kutambua bakteria) imetoa kufanana kwa asilimia 97.9: ni spishi mpya au bado?

mchumvi_lindi: Wakuu habari za humu. Nipo Lindi na mradi wa masta, nilichota udongo kwenye majaruba ya chumvi yaliyoachwa, ule wenye ganda jeupe juu ukikanyaga linavunjika, chini mweusi unanuka. Nikaotesha kwenye aga (jeli ya kuoteshea vijidudu) ya chumvi asilimia 10, kuna koloni ya rangi ya chungwa bila chumvi haioti kabisa. 16S tulituma ikasomwe Dar, imerudi kipande cha herufi kama 800, kuweka BLAST (programu ya kulinganisha na hifadhi ya jeni mtandaoni) nikapata kufanana 97.9 na Halobacillus, jenasi ya bakteria wa chumvi. Msimamizi keshaanza kuuliza tuiite jina gani 😅 Ni mpya kweli? Maana wengine wanasema kikomo 97, yaani ukiwa chini ya hapo ndo mpya, wengine 98.7.

mama_petri: Jina lisubiri kwanza mdogo wangu. 97 ni ya zamani, siku hizi watu wanatumia 98.7, ila hiyo ni kwa jeni karibu nzima, herufi kama 1,500, kipande cha 800 kinaweza kukudanganya huku au kule. Rudia na praima (vipande vya kuanzishia kunakili jeni) 27F na 1492R, isomwe pande zote mbili uunganishe. Halafu BLAST humo kila mtu anatupia chake, hata visivyo na jina, we linganisha na straini za mfano tu, zile rasmi zinazobeba jina la spishi, ingia tovuti ya EzBioCloud.

kaka_wa_mikindani: Mi nilijua vidude vya chumvi vyenye rangi rangi vyote ni akea, wale vijidudu wasio bakteria??

mama_petri: Wengi ndiyo, ila sio wote. Salinibacter ruber ni mwekundu na ni bakteria, alitangazwa 2002 kutoka Hispania. Na Halobacillus wa chungwa wapo kibao, kwa hiyo rangi isikupe presha, fanya Gram (kupaka rangi seli) na uangalie spora.

jenomu_tu: 16S inakufikisha mlangoni tu. Anayeamua ni jenomu: ANI iwe chini ya asilimia 95-96 na dDDH chini ya 70 dhidi ya jirani zake (zote ni vipimo vya jenomu mbili zinavyofanana). Nimeona wenye 16S ya 99 na bado wakawa spishi tofauti. Pia agiza straini za jirani uzioteshe maabara hiyohiyo, chumvi kuanzia 0 hadi 25, joto, pH, asidi za mafuta. Hapo ndo hela inaisha aisee. Mwisho straini lazima iwekwe benki mbili za vijidudu kwenye nchi mbili tofauti ndo IJSEM, jarida la kutangazia spishi mpya za bakteria, wapokee, kibali cha kutoa sampuli nje anza kukifuatilia sasa hivi, usisubiri umalize kuandika.

mchumvi_lindi: Shukrani sana wakuu. Kitu kingine, chumvi ikifika 20 aga yangu inakuwa laini kitanzi (kiwaya cha kupandia) kinaichana, na vidoti vyeupe vinatokea pembeni sijui ndo koloni?

mama_petri: Pandisha aga ifike asilimia 2. Sahani zifunge kwenye mfuko zisikauke, hivyo vidoti ukiweka tone la maji vikayeyuka ujue ni chumvi tu hiyo.