Upumuaji wa seli: oksijeni yaenda wapi, na kwa nini maji ya chokaa yamerudi maangavu?

MaalimLangoni (Lamu)

Salaam aleikum jamaa. Kidato cha tatu wiki ijayo wanaingia upumuaji wa seli, na yako mambo matatu nataka yakae sawa kabla ya kusimama ubaoni.

La kwanza ni hesabu ya ATP, molekuli inayobeba nguvu ndani ya seli. Kitabu kimoja chasema glukosi moja hutoa ATP 38, kingine 36, vipya vyasema 30 au 32. Tushike ipi?

La pili, wanafunzi wameshikilia kwamba oksijeni tunayovuta ndiyo inayotoka ikiwa kabonidioksidi, yaani imeshikana na kaboni ya sukari kama mkaa unavyowaka jikoni. Nitalivunjaje hilo?

La tatu ni jaribio la hamira: chupa ya hamira na sukari, mafuta juu, mpira wa dripu mpaka kwenye maji ya chokaa, ambayo kabonidioksidi huyageuza meupe kama maziwa. Liliandaliwa jioni likaachwa usiku kucha. Asubuhi maji ya chokaa maangavu, chini yametuama unga mwembamba mweupe. Na chupa ya hamira inanuka pombe vizuri tu! Sasa hiyo kabonidioksidi ilikwenda wapi?

PwaniKemia (Malindi)

Waaleikum salaam, maalim. Naanza na la pili, maana likikaa hilo, la kwanza hujifungua lenyewe.

Oksijeni tunayovuta haigusi kaboni ya sukari popote njiani. Ifuate glukosi uone. Glikolisi, yaani kuivunja glukosi vipande viwili, hufanyika kwenye sitoplazimu (majimaji ya seli), hatua 10, bila oksijeni hata chembe. Seli hutoa ATP 2 kama mtaji, hupata 4, faida 2. Glukosi ya kaboni 6 imekuwa piruveti 2 za kaboni 3. Piruveti huingia mitokondria (vijumba vya nguvu ndani ya seli) na kila moja hupoteza kaboni moja: hizo ni kabonidioksidi 2 za mwanzo. Kilichobaki huingia mzunguko wa Krebs, duara la hatua zinazokivunja, na kutoa 4 nyingine. Kaboni zote sita zimekwisha kutoka na oksijeni bado haijaonekana! Oksijeni iliyomo ndani ya kabonidioksidi hizo, nusu ilikuwa ndani ya sukari yenyewe, nusu imetokana na maji yaliyoingia njiani.

Kilichovunwa katika safari yote hiyo ni elektroni, zimebebwa na NADH 10 na FADH2 2. Wabebaji hawa huzishusha kwenye mnyororo wa protini ulio katika utando wa ndani wa mitokondria. Elektroni zikishuka kutoka kituo hadi kituo, nguvu zinazotoka husukuma protoni (haidrojeni zilizopoteza elektroni) upande wa pili wa utando. Oksijeni iko mwisho kabisa wa mnyororo. Molekuli moja hupokea elektroni 4 na protoni 4, yakawa maji, molekuli 2. Kazi yake ni hiyo tu, kupokea. Isipokuwepo, foleni inasimama hadi nyuma kabisa: NADH haina pa kushusha mzigo, NAD+ (mbebaji mtupu) inakwisha, na mzunguko wa Krebs unakwama ingawa wenyewe hautumii oksijeni.

Ubaoni usiandike mlinganyo wa mkato. Andika mrefu:

C6H12O6 + 6H2O + 6O2 → 6CO2 + 12H2O

Ule wa mkato (C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O) umefuta maji 6 pande zote mbili, na hapo ndipo mtoto anapoona O2 kushoto na CO2 kulia akaziunganisha.

Kwa protoni, watoto wa Lamu hawahitaji mchoro wa bwawa la umeme. Waambie wafikirie hori lililojaa maji ya bamvua, likafungwa lango, nje maji yakapwa. Maji yamekaa juu upande mmoja, yanataka kutoka, na njia ni moja tu, yenye gurudumu ndani. Kinu cha ATP ndivyo kilivyo, na kinazunguka kweli, si mfano wa maneno: mzunguko mmoja hutoa ATP 3. Wazo hili la protoni alilitoa Peter Mitchell mwaka 1961, likabishiwa sana, kisha akapewa Nobel ya kemia mwaka 1978.

Sasa hesabu. NADH moja husukuma protoni 10: kituo cha kwanza 4, cha tatu 4, cha nne 2. FADH2 hupandia kituo cha pili, ambacho hakisukumi kitu, kwa hiyo hupata 6 tu. ATP moja hugharimu protoni 4 hivi, karibu 3 za kuzungusha kinu na 1 ya kuingiza fosfeti na ADP (malighafi ya ATP) na kutoa ATP nje. Gawanya: NADH ni ATP 2.5, FADH2 ni 1.5.

NADH 8 zilizozaliwa ndani ya mitokondria ni ATP 20. FADH2 2 ni ATP 3. Zilizoundwa moja kwa moja ni 4, yaani 2 za glikolisi na 2 za Krebs. Hapo 27. Zimebaki NADH 2 za glikolisi, zilizozaliwa nje, na utando hauzipitishi. Huvushwa elektroni zake tu. Kwenye ini na moyo huvuka kwa njia ya maleti na kulipa ATP 5, jumla 32. Kwenye misuli ya mifupa na ubongo njia kubwa ni ya gliseroli fosfeti, inayozishushia katikati ya mnyororo, malipo 3, jumla 30. Vitabu vya zamani vilikadiria 3 kwa NADH na 2 kwa FADH2, ndio ukapata 38 na 36. Seli ni ile ile, kilichobadilika ni kipimo.

Mkomani_Bayo (Lamu)

Naongeza moja kwa PwaniKemia. Maalim, mwanafunzi aonyeshe hesabu yake, asiandike namba tupu. Akiandika 38 aseme ametumia 3 na 2; akiandika 32 aseme 2.5 na 1.5. Msahihishaji akiwa na kitabu kipya au cha zamani ataona njia.

Na wape hii wakokotoe wenyewe. Glukosi moli moja, gramu 180, ina nguvu za kilojuli 2,870. ATP moli moja ni kilojuli 30.5 katika hali sanifu. ATP 30 ni kilojuli 915, yaani asilimia 32 hivi. Zilizobaki ni joto. Bila oksijeni ni ATP 2, kilojuli 61, asilimia 2. Kisha chukua mtu mzima anayetumia kilojuli 10,000 kwa siku. Theluthi moja ikigeuka ATP, ni moli 109 hivi, na moli moja ina gramu 507: karibu kilo 55 za ATP kwa siku! Mwilini hakuna ATP nyingi hivyo, ni ile ile kidogo inayovunjwa na kuundwa upya.

BiHamira (Malindi)

Maalim, jaribio lako halikuharibika. Lilifanya kazi kupita kiasi.

Maji ya chokaa yaliyoshiba yana chokaa gramu 1.7 hivi kwa lita. Ukiweka mililita 50, gesi inayotosha kuigeuza chokaa yote kuwa unga mweupe ni mililita 28 tu. Sasa tazama upande wa pili: gramu 5 za sukari zikichachuka zote hutoa karibu lita moja na nusu ya kabonidioksidi. (Kwa hiyo usikaze kizibo bila mpira, chupa itapasuka.) Maji yaligeuka maziwa mapema tu jioni ile, nanyi mmeshaondoka. Gesi ikaendelea kuingia, na ikizidi huuyeyusha ule unga kuwa bikaboneti, ambayo haina rangi. Uliobaki ukatuama. Ukitaka hakika, mimina yale maji maangavu peke yake kwenye sufuria uchemshe. Bikaboneti huvunjika kwa moto na weupe hurudi.

Namna ya kulifanya likaonekana ndani ya kipindi kimoja: chemsha maji, yaache yapoe mpaka nyuzi 38 hivi, vuguvugu la kuogeshea mtoto. Yakiwa moto zaidi ya nyuzi 50 unaiua hamira. Mililita 100 za maji, sukari gramu 5, hamira kavu kijiko kimoja cha chai. Usizidishe sukari ukidhani utaharakisha. Sukari nyingi huvuta maji kutoka kwenye seli na hamira inazubaa, ndiyo sababu donge la mahamri yenye sukari nyingi huchelewa kuumuka. Mafuta ya kupikia juu, nusu sentimita. Ziba kwa nta au unga uliokandwa pale mpira unapopita kwenye kizibo, maana hapo ndipo gesi hutoroka na watu wakasema hamira imekufa. Chupa ya pili, ya kulinganishia, iwe sawa kwa kila kitu ila hamira yake imechemshwa.

Chokaa ya tambuu inafaa, lakini ijaribu kwanza. Idondoshee ndimu: ikitoa povu, imekwisha kula kabonidioksidi ya hewani na kugeuka kaboneti, itupe. Kisha chovya manjano: chokaa hai huigeuza nyekundu ya damu ya mzee. Kijiko cha chai kwa lita ya maji, tikisa, lala nayo, asubuhi chuja na ujaze chupa hadi shingoni. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye ndoo. Maji ya kisima yana bikaboneti yake, yatakuwa meupe kabla hata hujaanza.

Jambo moja zaidi, na hili vitabu vya shule hulipita. Usiwaambie kwamba mafuta ndiyo yanayoifanya hamira itoe pombe. Maji ya vuguvugu yana oksijeni miligramu 7 hivi kwa lita, kwa hiyo mililita 100 zina chini ya miligramu moja, nayo huliwa mara. Na hata ukipuliza hewa ndani, hamira ikiona sukari tele hutengeneza pombe vilevile. Huacha tabia hiyo sukari ikipungua, kisha hurudi kuila ile pombe kwa oksijeni.

MaalimLangoni

Ahsante sana Bi. Nimechemsha yale maji maangavu, yamekuwa meupe kabla hayajatokota vizuri. Na wewe PwaniKemia, Mungu akuzidishie.

Swali la mwisho: mwanafunzi ameuliza, matope ya mikoko hayana hewa, basi mizizi inapumua vipi? Na yale matope meusi kwa nini yananuka mayai viza?

MizizijuuLamu

Maalim, mwambie akatazame mchu na mlilana, aina mbili za miti ya mikoko, maji yakipwa. Ile misumari inayochomoza juu ya tope ni mizizi ya hewa. Ina vitundu vidogo kwenye ganda, na ndani tishu yenye nafasi kama sponji inayoshusha oksijeni hadi mizizi ya chini. Mkoko wenyewe hutumia mizizi yake ya matao, vitundu viko pale juu ya maji. Mizizi hiyo ikifunikwa na mchanga au mafuta machafu kwa muda mrefu, mti hufa ukiwa umesimama ndani ya maji, kwa kukosa oksijeni mizizini.

Ile harufu ni upumuaji vilevile. Sentimita chache chini ya tope oksijeni imekwisha, lakini maji ya bahari yana salfeti tele, na wako bakteria wanaoshusha elektroni zao kwenye salfeti badala ya oksijeni. Mwisho wa mnyororo, badala ya maji, hutoka haidrojeni salfaidi: ndiyo mayai viza. Ikikutana na chuma kilichomo topeni hutoa salfaidi ya chuma, ndio weusi. Malipo yao ni madogo kuliko ya oksijeni.

Na gesi hiyo ikiwa nyingi ni sumu kwetu kwa sababu hukaa kwenye kituo cha nne cha mnyororo, pale pale oksijeni inapopokelea. Sianidi ya muhogo mchungu hufanya vivyo hivyo. Damu huwa imejaa oksijeni, mishipa ya kurudi imekuwa myekundu kama ya kwenda, na seli haziwezi kuichukua. Ndiyo maana muhogo mchungu humenywa, hulowekwa siku kadhaa na kuanikwa kabla ya kupikwa: seli za muhogo zikipasuka, kimeng'enya chake huitoa sianidi, nayo ikaenda na maji na hewa.