Ada ya SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) ya mwaka mzima kwa mkupuo: sisi wa jua kali tunalipaje?

Fundi wa Kaptembwo, Nakuru
Hamjambo wadau. Mimi nachomelea milango na madirisha. Kuna siku napata kazi mbili, kuna siku narudi mikono mitupu. Mke wangu ana mimba ya miezi saba na daktari anasema huenda akapasuliwa. Kifungua mimba wetu alizaliwa wakati wa Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kujifungua bure, hatukutoa hata senti. Sasa nimebonyeza *147# kujisajili SHA, nikaulizwa mpaka ukuta wa nyumba ni wa nini na choo ni cha aina gani, nikakadiriwa shilingi 780 kwa mwezi. Hiyo ningejikaza. Lakini sisi tusioajiriwa tunatakiwa kulipa mwaka wote mara moja: 9,360! NHIF, bima iliyokuwepo kabla ya SHA, nililipa 500 kila mwezi, na mwezi mbaya nilikopa kwa jirani. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara mwezi kwa mwezi. Kwa nini mimi, ambaye sijui kesho nitakula nini, ndiye nitangulize ya mwaka? Zahanati ya mtaani inatibu bure, ila upasuaji haufanyiki pale. Naogopa sana mke na mtoto kuzuiliwa wodini kwa sababu ya bili. Nyinyi mmefanyaje?

Muuza omena, Kondele
Pole sana kaka. Kwenye chama chetu cha kuchangiana pesa, siku hizi anayekaribia kujifungua ndiye anapokea kwanza, na pesa inaenda SHA moja kwa moja, haipiti mkononi. Lipa kabla ya uchungu. Mdogo wangu alipasuliwa, SHA ikasimamia ile 30,000 ya upasuaji, lakini glavu, uzi na sindano tulitumwa kununua duka la dawa ng'ambo ya barabara, usiku, mvua inanyesha. Tenga za hapo pia.

Mhudumu wa afya ya jamii, Bahati
Ndugu, ulizia Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa ada ya mwaka, unarudisha kidogo kidogo. Na mke asijisajili peke yake, muingize kama mtegemezi wako. Mchango mmoja unatosha mume, mke na watoto. Nimekuta nyumba zinalipa mara mbili bure.

Fundi wa Kaptembwo, Nakuru
Asanteni sana. Kumbe mke alishajisajili kivyake kliniki. Mhudumu, nikienda kumhamishia kwangu nibebe nini zaidi ya vitambulisho?