Zawadi za kutoka Mombasa: nibebe nini ambacho Nairobi hakipatikani?

Mkazi wa Donholm

Hamjambo nyote. Mimi na mume wangu tutakuwa Mombasa wiki ijayo kwa mapumziko, kisha tutarejea Nairobi kwa treni ya SGR. Kama mjuavyo, mtu aliyetoka Pwani hawezi kubisha hodi mikono mitupu, nami nina mama mkwe Kiambu, majirani wenye watoto wadogo na wenzangu wa ofisini. Nimeona wengi wakirudi na vinyago vya mawe na shanga ambazo zimejaa tele katika masoko ya hapa mjini. Naomba mnieleze ni vitu gani vya Pwani yenyewe ambavyo vinastahimili safari na vinastahili kubebwa.

Mzaliwa wa Kisauni

Dada, umefanya vyema kuviweka kando vinyago vya mawe. Mawe hayo huchimbwa Tabaka, kule Kisii, kwa hivyo ukivinunua ufuoni unalipia nauli yao ya kushuka Pwani, halafu unavipandisha tena bara wewe mwenyewe, navyo ni vizito na huvunjika upesi. Vya mbao ni habari nyingine. Ufundi huo ni wa Wakamba, lakini chama chao cha ushirika kiko Changamwe, Mombasa, na pale utawakuta mafundi wenyewe wakichonga. Ningekushauri uchague kilichochongwa kwa mwarobaini, ambao hukua haraka, kuliko mpingo unaochukua miaka mingi mno kukomaa. Ukiambiwa kitu ni mpingo, kisugue kwa kitambaa chenye unyevu, kwa maana mbao za kawaida hupakwa rangi ya viatu, na weusi wake utabaki kitambaani.

Watoto wapelekee mabuyu. Zile mbegu zilizopikwa kwa sukari na rangi nyekundu zitawaacha na ndimi nyekundu hadi jioni, na mama zao watakulaumu kidogo, lakini hakuna mtoto atakayekusahau. Wenzako wa ofisini watafurahia achari ya maembe makavu yenye pilipili na chumvi. Halua nayo inunue siku ya mwisho, tena usiiweke kwenye friji kwa sababu itakuwa ngumu. Mahali pakavu jikoni panatosha. Nakiri kwamba halua ya Eastleigh nayo ni tamu, ila ninayoizungumzia hapa ni ile ya Mji wa Kale, inayoliwa kwa kahawa chungu.

Mchuuzi wa Ngara

Nashukuru kwamba ndugu yangu hapo juu hakuanza na viungo, ambavyo kila mgeni wa Mombasa hudhani lazima arudi navyo. Karafuu hutoka Unguja na Pemba, na iliki na mdalasini utavipata hapa Ngara au Parklands bila kupanda treni. Iwapo moyo wako umeshikilia viungo, vinunue vikiwa vizima pale Marikiti ya Mombasa, kando ya Barabara ya Digo, wala usichukue pilau masala iliyokwisha kusagwa, kwani hupoteza harufu mapema na huwezi kujua kilichochanganywa ndani yake. Korosho, kwa upande mwingine, zinastahili nafasi katika begi, maana mikorosho iko Kilifi na Kwale. Onja moja kabla ya kulipa. Iliyokaa sana huwa na ladha ya mafuta yaliyochacha.

Tafadhali msinunue makombe ya baharini wala matumbawe yanayotembezwa ufuoni, hata yakiwa mazuri kiasi gani. Kombe tupu ni nyumba ya kaa wadogo, na bidhaa yoyote ya magamba ya kasa inaweza kukufikisha mahakamani.

Mkazi wa Donholm

Asanteni sana. Limebaki suala la mama mkwe. Nilikuwa nimewaza leso, yaani khanga, lakini mume wangu anasema leso ziko hata Biashara Street ya hapa Nairobi. Je, kuna tofauti?

Mzaliwa wa Kisauni

Tofauti iko katika wingi wa kuchagua. Mtaa wa Biashara wa Mombasa una maduka ya leso yaliyopangana, na chapa ya Mali ya Abdulla, ambayo bibi zetu waliijua, ingali inauzwa. Kabla ya kutazama rangi, soma jina, yaani ule msemo ulioandikwa juu ya pindo la chini. Ukimpelekea mama mkwe leso isemayo "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", utakuwa umeanzisha kikao cha ukoo. "Nani kama mama" haina ubishi. Leso huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili ambavyo havijakatwa, kwa hivyo mwombe mwenye duka akuelekeze kwa fundi aikate na kuipinda, ili mama aipokee ikiwa tayari kuvaliwa. Mwambie pia aifue peke yake mara ya kwanza, hasa ikiwa nyekundu au nyeusi, kwa sababu leso mpya huchuja rangi.