Ligue 1 2019/20: Amiens walishushwa na kikokotoo, si uwanjani

Wakuu, kila ukianza mjadala wa ligi za Ulaya na korona, lazima atokee mtu aseme Ufaransa walitumia busara: wakafunga Ligue 1, ligi yao kuu, mapema, maisha yakaendelea. Busara gani? Ule ulikuwa uonevu, na hesabu zake ziko wazi kwa yeyote mwenye penseli. Naziweka hapa moja moja ili tuache kupambana kwa hisia.

Tarehe kwanza, maana wengi wanazichanganya. Machi 13, 2020 ligi inasimama, raundi 28 kati ya 38 zikiwa zimechezwa. Aprili 28 Waziri Mkuu Édouard Philippe anasema bungeni kwamba msimu wa michezo ya kulipwa, mpira wa miguu ukiwemo, hauwezi kuendelea. Aprili 30, siku mbili tu baadaye, bodi ya ligi (LFP) inatangaza msimamo wa mwisho: PSG bingwa, Amiens na Toulouse wanashuka, Lorient na Lens wanapanda. UEFA ilikuwa imeyapa mashirikisho hadi Mei 25 kuwasilisha mipango yao. Yaani walikuwa na siku 25 za kusubiri na kuangalia upepo, wakazitupa zote. Ujerumani walirudi uwanjani Mei 16, Hispania Juni 11, England Juni 17, Italia Juni 20, wote bila mashabiki, wote wakamaliza. Hata Ligi Kuu Bara yenye timu 20 ilirudi Juni na ikafika raundi ya 38.

Najua mtasema serikali ndiyo iliyofunga, LFP wangefanyaje. Sawa, kufunga tuwaachie serikali. Lakini nani apande na nani ashuke halikuwa jambo la Waziri Mkuu. Hapo LFP walikuwa na kalamu mkononi. Uholanzi walifunga ligi yao kuu, Eredivisie, Aprili 24 na wakasema hakuna bingwa, hakuna kushuka, hakuna kupanda. Unaweza kuupinga uamuzi huo, lakini una mantiki moja kuanzia juu hadi chini. Wafaransa walichagua cha kuhesabu na cha kufuta.

Tuje kwenye kikokotoo chenyewe. Walichukua pointi za kila timu, wakagawa kwa mechi ilizocheza. Sababu ni kiporo cha Strasbourg na PSG kilichoahirishwa Machi, kwa hiyo hizo mbili zilikuwa na mechi 27 na wengine 28. Angers walikuwa na pointi 39 kwa mechi 28, sawa na 1.39. Strasbourg pointi 38 kwa mechi 27, sawa na 1.41. Mwenye pointi pungufu akapewa nafasi ya 10, mwenye pointi nyingi akawa wa 11. Na kumbukeni mechi ambayo Strasbourg hawakuicheza ni dhidi ya nani: PSG. Kwa kutocheza na bingwa, wastani wao ukabaki mzuri.

Hilo bado ni dogo. Angalieni Nice na Reims. Wote pointi 41, mechi 28. Kanuni ya msimu mzima ilikuwa tofauti ya mabao: Reims +5, Nice +3. Reims ni wa 5, hakuna mjadala. Lakini msimamo wa kikokotoo ulikuja na kanuni yake ya kutenganisha waliolingana, yaani matokeo ya timu zenyewe zilipokutana, na Nice wakapanda juu. Tofauti ya nafasi ya 5 na ya 6 ilikuwa nini? Nice waliingia moja kwa moja makundi ya Europa League, kombe la pili la klabu za Ulaya. Reims wakaanzia raundi ya pili ya mchujo, wakawatoa Servette, kisha wakatolewa kwa penalti na Fehérvár ya Hungary. Hakuna timu iliyoambiwa Agosti, msimu ulipoanza, kwamba kanuni ni hiyo. Kubadilisha kanuni mechi zikiwa zimeshachezwa, hicho ndicho kinachoniudhi kuliko yote.

Sasa Amiens. Pointi 23, nafasi ya 19. Nîmes juu yao, pointi 27, nafasi ya 18. Pengo pointi 4, mechi 10 zimebaki, pointi 30 ziko mezani. Nafasi ya 18 haishuki moja kwa moja, inakwenda kucheza mechi mbili za mchujo na timu ya Ligue 2, yaani daraja la pili. Kwa hiyo Amiens walikuwa pointi 4 kutoka kwenye nafasi ya kujitetea. Kikokotoo kinasema 0.82 kwa Amiens na 0.96 kwa Nîmes. Zidisha kwa 38 uone ujanja wake: pointi 31 na ushee dhidi ya 36 na ushee. Pengo la 4 linageuka zaidi ya 5, bila mpira kupigwa. Wastani hauigandishi ligi ilipofikia. Unaiendeleza, kwa kudhani aliye dhaifu Machi atazidi kuwa dhaifu hadi Mei.

Na Amiens hawakuwa wamekata roho. Februari 15 waliwakaribisha PSG, wakaongoza 3-0 ndani ya dakika 40: Guirassy, Kakuta (ndiyo, Gaël Kakuta wa timu ya taifa ya Kongo) na Diabaté. PSG wakarudisha yote na kuongeza la nne. Dakika ya 91 Guirassy akasawazisha, 4-4. Mechi yao ya mwisho kabla ya kusimama ilikuwa ugenini kwa Marseille, timu ya pili kwenye ligi, wakatoka 2-2. Ndiyo hao walioambiwa msimu wao umeshajulikana.

Toulouse ni habari nyingine, nisiwadanganye. Pointi 13 kwa mechi 28, 14 nyuma ya Nîmes. Walikuwa wanashuka. Lakini kushuka kwa kufungwa uwanjani na kushushwa kwa tangazo ni vitu viwili.

Halafu mchujo wa nafasi ya 18 ukafutwa, Nîmes wakabaki! Hapa ndipo uamuzi wao unajipinga wenyewe. Kama huwezi kucheza mchujo kwa sababu ya ugonjwa, na ukaona si haki kumshusha Nîmes bila kumpa mechi zake mbili, basi vipi iwe haki kumshusha Amiens bila mechi zake 10? Na kule chini waliumia vilevile. Ligue 2 ilisimama Lorient 54, Lens 53, Ajaccio 52, Troyes 51, Clermont 50. Ajaccio amekosa pointi moja kwa Lens, mechi 10 zimebaki, mchujo aliostahili kucheza umefutwa.

Amiens, Toulouse na Lyon wakaenda Conseil d'État, mahakama ya juu ya utawala. Juni 9 jaji akakataa hoja za Lyon za kupinga kufungwa kwa msimu, lakini akasimamisha kushuka kwa Amiens na Toulouse. Sababu yake ilikuwa ya kisheria kabisa: mkataba wa LFP na shirikisho la mpira la Ufaransa unaotaja timu 20 ulikuwa unaisha Juni 30, kwa hiyo LFP hawawezi kujificha nyuma yake kana kwamba ni msahafu. Akawaagiza wapitie upya muundo wa ligi. Juni 23 wakakutana, wakapiga kura ya timu 20 zilezile, na Amiens na Toulouse wakashushwa mara ya pili.

Kuwabakiza Amiens na Toulouse juu ya wale wawili waliopanda kungefanya ligi iwe na timu 22, na wapo wanaosema: "Timu 22 haiwezekani, ratiba itajaa." Timu 22 ni raundi 42, nyongeza ya raundi 4. Kuanzia msimu huohuo wa 2020/21 Coupe de la Ligue, kombe la ligi, ilikuwa inafutwa, na kwa timu isiyocheza Ulaya kombe hilo lilikuwa na raundi tano hadi fainali. Nafasi zilikuwepo. Na idadi ya timu haikuwa takatifu: 1997 walipunguza hadi 18, 2002 wakarudi 20, na tangu 2023/24 wako 18 tena. Wakitaka kubadilisha wanabadilisha.

Julai sasa. Julai 24, 2020 fainali ya Coupe de France, kombe la taifa, inachezwa Stade de France, PSG 1 Saint-Étienne 0, mashabiki wako jukwaani. Julai 31 fainali ya Coupe de la Ligue, PSG na Lyon hadi penalti. Kwa mechi kila siku tatu au nne, raundi 10 zinaisha ndani ya wiki tano au sita. Anza katikati ya Juni, unamaliza kabla ya Agosti.

Hoja yao kubwa ilikuwa msimu mpya uanze kwa wakati. Msimu huo ulikuja na mkataba mpya wa matangazo wa Mediapro, zaidi ya euro milioni 800 kwa mwaka. Oktoba 2020 Mediapro hawakulipa, Desemba mkataba ukavunjwa. Haraka yote ile ikawa bure.

Anayetetea kikokotoo anijibu swali moja, bila matusi. Amiens walikuwa wameshamaliza mechi zao zote mbili na PSG. Nîmes walikuwa wamecheza moja tu, ya ugenini, wakafungwa 3-0. Ya nyumbani ilikuwa bado. Kwa wastani wa LFP, mechi hiyo ambayo haikuchezwa imewapa Nîmes pointi 0.96 dhidi ya bingwa. Wamezipataje?