Mashindano ya dunia ya redio Oktoba: wati 100 na waya mmoja vinatosha kweli?

kihonda_juu
Wakuu heshima kwenu. Niko Morogoro, leseni ya redio ya ridhaa (ile ya kuongea na watu hewani kama hobi) nimeipata TCRA mwaka jana mwishoni, kolsaini yangu (jina la hewani) inaanza na 5H3, 5H ndo Tanzania, redio ni Icom IC-718 ya mtumba, wati 100, antena ni waya tu nimeufunga kutoka kwenye paa mpaka kwenye mwembe wa jirani (kwa ruhusa yake jamani). Mpaka sasa nimeongea na watu kama 60 hivi, polepole, habari za huko, mvua imenyesha, kwaheri.

Sasa kuna haya mashindano ya CQ World Wide ya sauti, wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, masaa 48 bila kupumzika. Mwaka jana nilisikiliza tu, nikafungua bendi ya mita 15 nikakuta pamejaa kama stendi ya Msamvu mkesha wa Krismasi, kila mtu anapiga kelele za namba na hakuna anayemsalimia mwenzie. Nikazima nikaenda kulala.

Mwaka huu nataka kuingia ila jamaa mmoja kaniambia bila mnara na yagi (antena ya kuelekeza) ni kujiaibisha tu. Ni kweli? Na nikibonyeza maiki nasema nini hasa? Mama watoto kauliza zawadi ni shilingi ngapi, hilo swali nimelikwepa mpaka leo.

mzee_wa_upepo
Huyo jamaa yako ana mnara? Kama hana mwambie akae kimya, kama anao mwambie akuazime.

Zawadi ni cheti, ukishika nafasi. Hilo mwambie mama mapema, yasije yakawa mengine.

Sasa sikiliza kijana. Kinachokufanya usikike pale siyo wati, ni ulipokaa. Dunia kwenye haya mashindano imegawanywa maeneo 40, sisi Tanzania ni eneo la 37, tuko humo na Kenya, Uganda, Malawi, Msumbiji, Ethiopia mpaka Somalia huko. Kila eneo jipya na kila nchi mpya kwenye kila bendi ni kizidishi, yani pointi zako zote zinazidishwa kwa idadi ya hivyo vitu. Mjerumani mwenye minara mitatu anao Wajerumani wenzie maelfu, ana Waitaliano, ana Wamarekani mpaka anachoka nao, asichokuwa nacho ni 37. Akikusikia hata kwa mbali kama mbu atageuza mnara mzima kukutafuta. We ndo unawindwa.

Alafu hesabu nyingine inayotubeba: ukiongea na mtu wa bara jingine unapata pointi 3, wa bara lako nchi nyingine pointi 1, wa nchi yako 0. Mzungu wa Ulaya akiongea na Mzungu mwenzie wa nchi ya pili anaokota moja moja, sisi tukimjibu huyohuyo tunaokota tatu. Unadhani kwanini watu wanafunga mabegi kila mwaka wanakwenda Visiwa vya Kanari, Moroko na Cape Verde kurushia matangazo huko? Kwa redio hizo zote ni Afrika, na Ulaya iko hapo puani. Wanalipia nauli ya kitu ambacho we umezaliwa nacho.

Ya kusema ni machache. Unaita "CQ contest" (yani yeyote ajibu) na kolsaini yako mara mbili, mtu anajibu kolsaini yake, unamrudishia kolsaini yake na "five nine three seven" (59 ni kwamba anasikika vizuri, 37 ni eneo letu), yeye anakupa 59 na eneo lake, unasema "thank you" na kolsaini yako, anayefuata. Sekunde kumi. Habari za mvua iache Jumatatu. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimwuliza Mjapani anaendeleaje na familia, akanyamaza kidogo kisha akasema "five nine two five" kwa upole kabisa. Nikaelewa.

Utakapoitwa na watu arobaini kwa mpigo, ndo hiyo pailapu, usiogope na usiseme "please one by one", hakuna anayesikia. Ukidaka hata herufi mbili, tuseme Kilo Alfa (ndo K na A, kila herufi ina neno lake hewani), sema "Kilo Alfa, five nine three seven", na UBAKI na Kilo Alfa mpaka umalize naye, hata mwingine akipiga kelele kiasi gani. Ukimruka mara moja tu ukamchukua mwenye sauti kubwa, wote watajua kwako kelele ndo zinalipa, na hutakaa upate utulivu tena.

dar_kimya
FT8 (ile kompyuta zinaongea zenyewe) inaruhusiwa? Mi sauti yangu siipendi.

mzee_wa_upepo
Hapana. Oktoba ni sauti, mwisho wa Novemba ni Morse, zile nukta na vistari. Jifunze Morse, haina lafudhi.

nakuru_mita10
Niaje watu wa 5H. Mzee amesema vizuri lakini mimi nitapinga kitu moja, au tuseme niongezee, usiingie bendi zote sita. Masaa 48 na antena moja ya kufunga kwa mwembe utajichosha bure, saa tisa usiku mashindano yakianza (ni saa sita usiku ya UTC, saa ya dunia) utakuwa mita 40 unapigana na kelele za taa za LED za majirani, by saa nne asubuhi umezima kama mshumaa. Ingia single band, mita 10 pekee, low power, hiyo category mwisho wake ni wati 100 so uko sawa. Na kwa sababu leseni yako haijamaliza miaka mitatu, jaza pia ile ya rookie, unashindana na wanafunzi wenzako.

Raha ya mita 10 ni hii, usiku inalala na wewe unalala. Inaamka kama saa moja asubuhi, unapata Wajapani na upande wa Asia, mchana Ulaya inafunguka inakuwa kama bomba limepasuka, kuanzia saa kumi jioni Amerika inaingia mpaka jua lizame na kidogo baadaye. Jua liko kwa mzunguko wa 25 wa madoa yake, hayo ndio yanafungua mita 10, kilele ilikuwa 2024, madoa bado yapo ya kutosha, sasa kama ni mita 10 ni hii miaka, ukingoja utangoja sana.

Antena usinunue. Chukua 143 gawanya kwa 28.5 (masafa kwa MHz), unapata mita 5, hiyo ndio daipoli yako yote, antena ya waya wa pande mbili, yaani kila upande mita 2 na nusu. Kata na sentimita kumi zaidi kila upande halafu upunguze kidogo kidogo SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwa redio) ikishuka. Waya wa dishi ya TV unafanya kazi kushuka chini mpaka kwa redio, usisikize watu. Mti wa mwanzi wa mita 6 au 7 unatosha, na hakikisha waya umelala mashariki-magharibi ndio nguvu itoke kaskazini kwa Ulaya, ukiulaza kaskazini-kusini utaongea na Bahari ya Hindi.

Stima ikipotea je? Hiyo redio ikitoa wati 100 inavuta karibu ampea 20, lakini ni vile unaongea tu, ukisikiliza inavuta kidogo. Betri ya gari ya N70 ikiwa imejaa vizuri inakupeleka. Jenereta ile ndogo ya kelele wachana nayo, na chaji kontrola ya sola ya bei rahisi ni mbaya zaidi, mimi yangu ilikuwa inanguruma bendi nzima nikidhani ni Warusi.

bi_shuwari
Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati, asili Unguja. Nakuombeni mumsikilize mzee wa upepo, maana sie huku ni eneo la 21, Asia, kwa hivyo wewe ukinijibu ni pointi tatu kwangu na tatu kwako, na juu yake unanipa nchi na eneo. Mwaka jana nimeita kusini saa nzima, wa Afrika Kusini wapo, wa Kenya nilimpata mmoja, Tanzania hata kivuli. Nilikuwa nataka kulia.

Mambo mawili wanaume hawa hawajakwambia. La kwanza, saa. Programu ya logi (orodha ya ulioongea nao), N1MM wengi ndiyo watumiayo na ni ya bure, hakikisha kompyuta inaandika UTC. Nimeona logi ya mtu imeandikwa saa za nyumbani, masaa matatu mbele yote, logi zikilinganishwa kila mtu aliyeongea naye haonekani, msiba mtupu. La pili, usikubali tu eneo ambalo programu imekujazia. Mmarekani anaweza kuwa 3, 4 au 5, Mrusi ndiyo usiseme. Sikiliza alichosema. Ukikosea kolsaini ya mtu unanyang'anywa pointi zake na adhabu juu, bora umuulize tena mara mbili kuliko kubahatisha.

Na logi unaituma ndani ya siku tano, usiikalie.

kihonda_juu
Shikamoo mzee wa upepo, asanteni wote. Swali dogo la mwisho, hapa mjini kuna mwalimu ana redio pia, nikiongea naye ni pointi 0 si ndiyo, kwahiyo nisipoteze muda?

mzee_wa_upepo
Marahaba. Pointi 0 lakini kizidishi unapata! Tanzania ni nchi, na 37 ni eneo, kwa hiyo mwalimu anakupa vizidishi viwili kwa sekunde kumi. Mpigie simu umwambie awashe, hiyo ndo ya kwanza kabisa kufanya asubuhi.

kihonda_juu
Wakuu nimerudi, logi nimeshatuma.

Watu 187. Mita 10 tu. Kati ya hao 179 nje ya Afrika, 6 ndani ya Afrika, na wawili wa hapahapa, mwalimu na rafiki yake ambaye hata sikujua ana leseni. Pointi 543, maeneo 19, nchi 48, kwahiyo 543 mara 67 inakuja 36,381 kabla hawajakata makosa, na makosa yapo najua.

Jumamosi asubuhi niliogopa nikawa nawinda tu, namjibu mmoja mmoja anayeita, saa tatu nzima nimepata 22. Mchana nikapanda juu kule 28.620 palipo wazi nikaanza kuita mwenyewe, dakika tano hakuna kitu, nikasema yule jamaa wa mnara alikuwa sahihi, alafu nadhani kuna mtu kanibandika kwenye klasta (orodha ya mtandaoni ya nani yuko wapi hewani) maana ghafla spika ilikuwa kama imeingiwa na nyuki. Mikono ilitetemeka kweli. Nikakumbuka Kilo Alfa. Akawepo mmoja anaishia na Yankee nikabaki naye karibu dakika nzima, Mfini na wati 5 zake, tulipomaliza kasema "thank you" mara tatu.

Umeme ulikatika Jumapili saa kumi na moja jioni Amerika ndo imefunguka vizuri, betri ikanibeba dakika arobaini, ikafa katikati ya kolsaini ya mtu wa Brazil. Samahani kwake popote alipo.

Jirani wa mwembe kaja Jumatatu kuniuliza, kijana, hiyo hoteli uliyokuwa unaitafuta siku mbili, five hotel, five hotel, uliipata?

bi_shuwari
Hongera mwanangu. Ila mie sikukupata! Jumamosi saa kumi jioni nilikuwa 28.620 hapohapo nakuita, ukanijibu "again, again", kisha akakuchukua Mwitaliano.

kihonda_juu
Eh! Yule Alfa Four (A4, Omani) ulikuwa wewe bibi?? Nisamehe, Mwitaliano alikuwa anapiga kelele. Machi kuna mashindano mengine, WPX, antena naielekeza Maskati saa kumi kamili.